Kikohozi Mbele ya Tanuri

Mwezi uliopita, kile kisanduku chenye namba za joto kilipozimika tena, mmoja wenu alinipigia simu kuniuliza chuma cha kulabu kikiiva huwa na rangi gani. Nikamwambia pilipili mbivu. Akacheka, akidhani mzee anatania, kisha akauliza pilipili ya aina gani. Swali zuri hilo. Nilikaa na simu mkononi nikatambua kwamba miaka yote niliyosimama mbele ya lile tanuri la Changamwe sikuwahi kuandika hata mstari mmoja, na kwamba ninayoyajua yamo kichwani mwangu na mwa Kadzo niliyemfundisha basi. Ndiyo maana nawaandikia. Habari za vyeo mtanisamehe, havikuwa vingi, na za mshahara kila mmoja wenu anazijua.

Nilikuja Mombasa kutoka Taita nikiwa na barua ya mjomba na viatu vya kuazima. Karakana ilikuwa hapo hapo ilipo leo, kando ya njia ya malori yaendayo Kipevu, na kazi ilikuwa hiyo hiyo: kulabu za kunyanyulia mizigo, pini, springi za malori. Siku ya kwanza nilipelekwa banda la tanuri nikadhani nimepelekwa stoo. Nje jua la saa nne linaumiza macho, ndani ni giza. Kuta zilikuwa zimepakwa masizi kwa makusudi na madirisha yamezibwa kwa magunia. Nilimuuliza mtu aliyesimama humo mbona hawawashi taa. Akanijibu kwamba nikitaka mwanga niende pwani nikaote jua na watalii.

Huyo alikuwa Mzee Bakari, Mdigo wa Mtongwe, mtu mrefu mwenye kofia iliyoungua ukingoni, ambaye kila asubuhi alivuka kivuko cha Likoni na chupa yake ya kahawa kwapani. Tulimwita msoma moto. Tajiri, yaani mwenye karakana, alikuwa na ofisi na meza, lakini chuma hakikutoka tanurini mpaka Mzee Bakari aseme. Siku hiyo hakunifundisha kitu. Alinikalisha juu ya kreti, mgongo kwenye mlango, akaniambia ningoje macho yangu yaingie kazini. Nilikaa karibu robo saa nikiona aibu. Baadaye nikaelewa. Chuma cha moto ukikitazama juani huonekana kimepoa. Kinaweza kukubabua mkono na kwa macho yako ni cheusi tu. Anayesoma moto huku jua limemjaa machoni atasema bado, na atasema bado tena, mpaka chuma kiharibike.

Siku ya pili alitupa tanurini nati, kipande cha tofali na kigae cha kikombe kilichovunjika. Tukanywa kahawa. Kisha akaniambia nimwonyeshe nati iko wapi. Sikuiona. Nati, tofali, kigae na kuta za tanuri vilikuwa vimekuwa rangi moja, kingo zote zimefutika. Nikasema vimeyeyuka. Akavitoa kwa koleo kimoja kimoja, vizima.

"Humo ndani hamna chuma wala tofali, mwanangu," akasema. "Mna joto tu. Hiyo rangi unayoiona ni ya joto, si ya kitu."

Nimewasikia wahandisi wakieleza jambo hilo hilo kwa maneno mengi zaidi na hawakuongeza chochote.

Rangi alizipa majina ya jikoni. Wekundu wa kwanza kabisa, ule usioonekana mpaka giza liwe giza kweli, ni damu kavu. Ukizidi ni pilipili. Kisha embe, kisha kiini cha yai, kisha nazi, na ukifika kwenye nazi cheche zinaruka na chuma chenyewe kinaungua. Embe ni ya kufulia, chuma kinapokunjwa kwa nyundo. Kulabu iliyokwisha kukunjwa hurudishwa tanurini mpaka pilipili, ndipo huzamishwa kwenye pipa la mafuta ili iwe ngumu. Halafu hupashwa tena kwa damu kavu, ugumu upungue kidogo, isiwe ya kukatika. Ukiizamisha ikiwa embe, itatoka ngumu, itang'aa, itapendeza machoni mwa mnunuzi, na siku moja itakatika bila kupinda wala kutoa onyo. Na kwa yule aliyeuliza: ni zile pilipili ndefu za soko la Kongowea, zilizoiva juzi.

Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kila mpiko, yaani kundi lililopikwa pamoja, tulivunja kulabu moja kwa nyundo kubwa tukatazama chembe zake. Chembe zikiwa laini kama unga, na rangi ya kijivu, mpiko ni mzuri. Zikiwa kubwa na za kumeta kama chumvi ya mawe, moto ulizidi, na mpiko wote hautundikwi popote. Ya pili ilikuwa mdomo mmoja. Mbele ya tanuri anasema msoma moto peke yake, kwa sababu mtu aliyeshika koleo lenye chuma cha moto akisikia sauti mbili atasita, na akisita ataunguza mtu. Mzee Bakari akisema "Toa," wote tulitoa. Akisema "Bado," tulinyamaza. Sheria hiyo ilikuwa na akili na sisemi kwamba haikuwa nayo. Nimeona watu wawili waliopona kwa sababu yake.

Miwani myeusi hakuvaa. Alisema inamdanganya rangi, na kweli ile ya siku zile ilidanganya. Nami sikuvaa, kwa kuwa yeye hakuvaa. Moto wa tanuri hupika macho polepole, husikii maumivu, na baada ya miaka unaota mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe ndani ya mboni. Hili tuliambiwa wakati tayari tumekwisha kupikwa. Ninyi mnayo miwani ya kijani imetundikwa mlangoni. Nikija nikakuta vumbi juu yake tutakosana.

Nilianza kuona mambo madogo. Mzee Bakari alimimina kahawa nje ya kikombe na akasema kikombe kina ufa. Alimsalimia tajiri akidhani ni dereva. Kisha nikaona kubwa. Kulabu zilikuwa tanurini, pilipili imefika, naiona, na yeye kimya. Nikahesabu moyoni. Akasema bado. Rangi ilikuwa inaanza kuelekea embe, na mimi sina mdomo pale. Moshi ukanipalia nikakohoa, kikohozi cha kweli kabisa, na hapo hapo akasema "Toa."

Kesho yake pilipili ilipofika nilikohoa tena, na safari hiyo hapakuwa na moshi. Akasema "Toa." Tukaendelea hivyo. Hatukuwahi kulizungumza. Asubuhi nampa shikamoo, anaitikia marahaba, ananimiminia kahawa ikimwagika, nami nasema imetosha Mzee. Chuma kikiiva nakohoa. Kazi ilitoka safi, chembe laini, na tajiri alimsifu mbele za watu kwamba macho yake hayazeeki. Nilifurahi aliposifiwa. Alinifundisha kazi bure, na niliona hiyo ndiyo heshima niwezayo kumpa. Miaka minne nilikohoa.

Kisha baba yangu akafa, nikaenda Taita kumzika. Niliporudi siku ya tano nilikuta kulabu mpya zimepakwa rangi nyekundu, zimepangwa kwenye ubao. Mzee Bakari alinipa pole, akaniombea marehemu kwa maneno mazuri, kisha akasema, "Hizo nimezipika mwenyewe."

Nilimuuliza kama walivunja moja. Akasema hapana, zilihitajika zote, hapakuwa na ya kuvunja.

Nyundo ilikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Ningechukua moja tu, ningeipiga, na leo nisingekuwa na barua ndefu hivi ya kuandika. Lakini kuvunja kulabu ya Mzee Bakari, baada ya yeye kusema haina haja, ilikuwa ni kumwambia mbele ya vijana wote kwamba haoni. Nikaona haya. Nikavaa aproni nikaanza kazi. Nimetafuta udhuru miaka yote, wakati mwingine nikisingizia msiba, lakini ukweli ni kwamba niliona haya.

Kulabu moja kati ya hizo ilitundikwa kwenye winchi ya uani kwetu. Wiki ya pili yake ilikatika ikiwa imebeba furushi la nondo. Chini yake alikuwa Mutua, Mkamba mcheshi aliyeshika koleo upande wangu wa kushoto tangu nilipoanza. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama kiatu chake kimeharibika, kwa kuwa kilikuwa kipya. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Tajiri akasema mzigo ulizidi. Wakaguzi wakaandika hivyo hivyo. Mimi niliokota nusu ya kulabu iliyobaki kwenye mnyororo, nikaitazama mahali ilipokatika. Chumvi ya mawe tupu. Mzee Bakari akanijia, akanyoosha mkono nikampa. Akaigeuzageuza karibu na uso.

"Nitazamie, Mwakio," akasema. "Chembe zake zikoje?"

"Laini, Mzee," nikamjibu. "Ni mzigo uliozidi."

Akapitisha kidole gumba juu ya mkato ule, polepole, mara mbili. Kidole kinajua. Akanirudishia kile chuma, akavua aproni yake akaikunja, akaondoka na chupa yake ya kahawa. Hakurudi kazini. Nilivuka kwenda Mtongwe kumwona mara tatu. Tulizungumza habari za minazi yake na za wajukuu. Alifariki miaka mingi iliyopita, na nilimzika bila kumwambia kwamba nilimdanganya.

Mahali pake nikakaa mimi. Nilijiapia mambo mawili: kila mpiko tutavunja moja hata tajiri alie, na sitamtazama Mutua machoni mpaka nimwambie. La kwanza nililitimiza. La pili nililitimiza pia, kwa njia mbaya. Mutua alifungua kibanda cha kutengeneza viatu pale Chaani, jambo alilolicheka mwenyewe, na kila jioni nilipita mbele yake nikiinua mkono huku nikitazama upande wa pili wa barabara.

Miaka ikaenda. Vyombo vya kupima joto vikaja, vikafa, vikaja vingine. Vinapima hewa ya tanuri, na hewa hatuiuzi, kwa hiyo bado palihitajika mtu wa kutazama chuma. Kadzo alipoletwa banda la tanuri, wapo waliosema mwanamke hawezi moto. Alikuwa amechomelea mageti Kisauni miaka minane na ana makovu mengi kuliko wao wote. Nilimkalisha juu ya kreti, mgongo kwenye mlango. Nilimtupia nati, tofali na kigae. Sijapata kumfundisha mtu aliyeshika rangi haraka hivyo.

Tatizo lake lilikuwa kifua. Alikuwa mzima kabisa akiwa uani, lakini mbele ya tanuri alikohoa. Nilimhurumia. Nilimwambia abadilishe kitambaa cha mdomo. Nilimpeleka zahanati kwa lazima, akarudi na karatasi inayosema mapafu ni safi, nami nikawalaumu madaktari wa siku hizi. Nilimletea asali. Akapokea, akasema "Ahsante, Baba," akainamisha kichwa.

Sasa mnaona, lakini mimi sikuona. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku moja alitoka nje kuvuta pipa la mafuta kutoka kwenye lori. Kulabu zilikuwa motoni. Nilitazama nikasema moyoni bado, damu kavu hii. Nikasikia viatu vikikimbia kwenye kokoto, na Kadzo, ambaye kumbe alikuwa akihesabu muda, akakohoa mara mbili kutoka mlangoni, akiwa bado nje, kwenye upepo mtupu usio na moshi hata chembe.

Nikasema "Toa." Sauti yangu niliisikia kama ya Mzee Bakari.

Zilipokwisha kuzama kwenye mafuta nilimwita kando nikamuuliza ni tangu lini. Hakujifanya hajaelewa. Alisema tangu mwaka juzi. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ningekuambiaje, Baba? Mdomo ni mmoja."

Kisha nikakumbuka. Wiki iliyotangulia Kadzo alikuwa Kaloleni kwenye matanga ya shangazi yake siku mbili, na siku hizo tulipika mpiko mmoja wa kulabu ishirini. Zilikuwa zimepangwa kwenye ubao, nyekundu, na lori la kwenda Kipevu lilikuwa linakuja kuzichukua baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumevunja moja, ndiyo. Niliitazama mwenyewe, nikaona kijivu laini, nikasema safi, na hakuna aliyenipinga.

Nilikwenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu nikakitafuta kile kipande. Sikukitazama. Nilipitisha kidole gumba juu ya mkato.

Wale mliokuwepo mnakumbuka yaliyofuata, ingawa nasikia mmekuwa mkisema mzee alishikwa na wazimu. Sikushikwa. Niliita watu wote, nikachukua nyundo kubwa, nikavunja kulabu kumi na tisa moja baada ya nyingine. Zilikatika kama sahani. Dereva wa lori alisimama mlangoni na karatasi zake, tajiri mpya, mtoto wa yule wa zamani, akatoka ofisini akiuliza nimeingiwa na nini. Nikamwambia sioni. Nikayasema hayo mbele ya kila mtu, kwamba macho yangu yamekufa na nimekuwa nikipika kwa kikohozi cha Kadzo. Kisha nikamuuliza yule kijana aliyenishikia kipande siku tulipokivunja kama aliona chembe zikoje. Akatazama chini. Aliona. Wote waliona.

Jioni ile sikupita mbele ya kibanda cha Mutua. Niliingia. Alinipa kigoda, na nikamweleza yote, kuanzia kikohozi cha kwanza mpaka nyundo iliyokuwa hatua tatu. Aliendelea kushona soli mpaka nilipomaliza.

"Kile kikohozi chako tulikisikia sote," akasema. "Ukikohoa, ndipo nami nilikuwa nakaza koleo. Ulipoenda kuzika, hakuna aliyekohoa. Nilijua. Na hiyo kulabu niliitundika mimi, kwa mkono wangu huu."

Akaweka soli chini.

"Nimekungoja uingie humu miaka yote, Mwakio. Si ili uniombe msamaha. Nilitaka mtu wa kukaa naye na jambo hili."

Tulikaa nalo. Ningeliweza kukaa nalo naye miaka ishirini kabla, badala ya kuinua mkono nikitazama kando. Hilo halirudi.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Soda na keki zililetwa na tajiri alisema maneno mazuri, sitayarudia. Nililoomba kabla ya kuondoka ni moja, na Kadzo amelishika: anayetoa amri ni mmoja, lakini anayeona ni kila mtu, na anayeona hutaja rangi kwa sauti kabla chuma hakijashikwa, hata kama ameanza kazi jana na msoma moto ni mama yake. Nasikia kuna wanaoona haya. Semeni na haya zenu hivyo hivyo.

Jicho langu moja limekwisha kupasuliwa. Wiki iliyopita nilikuja bandani, nikakaa juu ya kreti, na Kadzo akafungua mlango wa tanuri. Nikaona pilipili. Nilikuwa nimesahau uzuri wake, nikatokwa na machozi, na daktari alinikataza kulia. Kisha nikafumba jicho lililotibiwa nikatazama kwa lile jingine. Chuma kile kile, mlango ule ule, na nilichoona kilikuwa damu kavu, hafifu, mbali. Kwa jicho hilo ningesema bado. Nimekuwa nikisema bado kwa jicho hilo sijui tangu lini.

"Pilipili," akasema kijana mmoja nyuma yangu. "Pilipili," akasema mwingine. Kadzo akasema, "Toa."

Walipokwisha nilimuuliza kifua chake kinaendeleaje. Akacheka, akasema kimepona.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika karibu na Chaani ndipo jambo lingine likanijia, nikasimama kando ya barabara malori yakipita. Mimi nilimletea Kadzo asali. Nilimpeleka zahanati, nilimpa pole, nilimsumbua na kifua chake kila wiki. Mzee Bakari, miaka yote minne niliyomkoholea sikioni, hakuniuliza hata siku moja kama ninaumwa.